Tezi imelala, hedhi haina mpangilio, uzito haushuki: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naishi Tanga, nina mtoto mmoja. Miaka miwili iliyopita niliambiwa tezi yangu ya thairoidi iko chini, nikaanzishiwa thairoksini mikrogramu 50, ndiyo ninayomeza mpaka leo. Mwaka jana hedhi ikaanza kuruka miezi. Nilipopigwa ultrasaundi wakasema nina vivimbe vidogo vidogo kwenye ovari, yaani PCOS. Nina kilo 91, urefu sentimita 160. Asubuhi nakunywa chai tu, nakula mlo mmoja jioni, nimekunywa maji ya ndimu mpaka tumbo linaniuma, na mizani haishuki. Shingo imekuwa nyeusi, nasugua kwa dodoki haitoki. Damu yangu ni pungufu kwa hiyo nimepewa na vidonge vya madini ya chuma. Dawa zote nameza pamoja asubuhi na chai ya maziwa. Kipimo cha tezi, TSH, cha mwezi uliopita ni 9.8. Rafiki yangu ananiambia nimeze vidonge viwili vya tezi badala ya kimoja, uzito utakatika. Mwingine ananiuzia chai ya kupunguza tumbo. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeandika karibu kila kitu ninachohitaji kukijua, na sehemu ya kwanza ya jibu imo kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita tu: dawa zote unazimeza pamoja, asubuhi, na chai ya maziwa. Tuanzie hapo, kabla ya kugusa ugali na kabla ya mazoezi.

Tangu utotoni tumezoeshwa kwamba dawa humezwa baada ya kutia kitu tumboni. Kwa dawa nyingi huo ni ushauri mzuri, lakini thairoksini haimo. Yenyewe inataka tumbo tupu na maji matupu. Kalsiamu iliyo kwenye maziwa huizuia isinyonywe vizuri, na madini ya chuma huikamata humo humo tumboni, sehemu kubwa ikatoka na choo bila kufika kwenye damu. Kahawa nayo inaipunguza, vivyo hivyo dawa za kiungulia na soya. Kwa hiyo wewe unameza mikrogramu 50 kila siku, lakini mwili wako unapata kiasi gani, hakuna anayeweza kusema.

Fanya hivi. Usiku kabla ya kulala weka kidonge kimoja cha thairoksini na glasi ya maji kando ya kitanda. Ukiamka alfajiri, kimeze, kisha endelea na shughuli zako: kuswali, kuoga, kumwandaa mtoto kwenda shule. Chai isubiri nusu saa kwa uchache, saa nzima ni bora zaidi. Vidonge vya madini ya chuma vihamishie mchana au jioni, angalau saa nne baada ya thairoksini, na uvimeze na chungwa, maana vitamini C inayasaidia madini hayo kuingia. Mwezi wa Ramadhani unaweza kuihamishia thairoksini wakati wa kulala, mradi zimepita saa tatu tangu ulipokula mara ya mwisho. Ukisahau siku moja usitaharuki. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, nusu ya kiwango chake huchukua wiki nzima kuondoka, hivyo meza unapokumbuka na uendelee.

Jambo jingine ambalo watu wa Tanga, Dar na Mombasa inabidi mlizingatie ni joto. Vidonge hivi huharibiwa na joto, mwanga na unyevu. Viache ndani ya karatasi yake ya asili, usivikatekate na kuvitia kwenye kibahasha cha duka la dawa, na usivitunze jikoni wala kwenye gari. Na kama duka limekupa dawa ya kampuni tofauti na uliyoizoea, mwambie daktari wako, kwa sababu inafaa upimwe tena.

Sasa hiyo TSH ya 9.8. TSH hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi ifanye kazi. Homoni ya thairoidi ikipungua, amri huongezeka. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4 kuwa kawaida. Wewe uko juu zaidi ya mara mbili ya mpaka, kwa hiyo pamoja na kumeza dawa miaka miwili, tezi yako bado haijatibiwa sawasawa. Inawezekana kabisa mikrogramu 50 hazikutoshi, kwani mtu ambaye tezi yake imezimika kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, ingawa kwa mtu mzito tunahesabu kwa tahadhari. Lakini ukiongeza dozi leo huku unaimeza na maziwa, hutajua kilichokusaidia ni nini, na siku utakapoacha chai utajikuta umezidisha. Rekebisha umezaji kwanza, upime tena TSH baada ya wiki sita hadi nane, halafu ukae na daktari wako mpange dozi. Kama unatumia vidonge vya kukuza nywele na kucha, acha siku mbili tatu kabla ya kipimo. Vingi vina vitamini iitwayo biotini, na biotini inaweza kuidanganya mashine ya maabara.

Ushauri wa rafiki yako wa kumeza viwili ili uzito ukatike usiufuate hata kwa wiki moja. Wazo hilo si geni. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mwanamke mwenye tezi iliyolala kwa kumdunga maji yaliyotolewa kwenye tezi ya kondoo, na mama yule akaishi miaka mingine 28. Haikuchukua muda watu wenye tezi nzima wakaanza kuitumia dawa ile ile kukonda. Walichopata ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kupotea na misuli kuliwa. Leo tunajua pia kwamba kuzidisha thairoksini huifanya mifupa iwe myepesi na kunaweza kuuvuruga mpigo wa moyo mpaka damu igande. Mafuta mwilini, ambayo ndiyo ulitaka yaondoke, hupungua kidogo tu, nayo hurudi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawaambiwi, na mimi naona ni haki yako kuambiwa mapema ili usivunjike moyo baadaye. Tezi iliyolala kwa kawaida humwongezea mtu kilo mbili hadi tano, na sehemu kubwa ya hizo ni maji na chumvi. Ukitibiwa vizuri utaona uso unapungua uvimbe, choo kinalainika, baridi haikuumizi, nguvu zinarudi, na pengine kilo chache zinaondoka zenyewe. Zilizobaki tezi haihusiki nazo moja kwa moja. Inahusika kwa njia nyingine: mtu ambaye tezi yake haijatengemaa anachoka mno kupika, kutembea, hata kufikiri atakula nini. Ndiyo maana nakataa kumpangia mtu mazoezi makali wakati TSH yake ni 9.8.

Tuje kwenye ovari. Kwanza, kile kilichoonekana kwenye ultrasaundi si vivimbe vya kupasuliwa wala vya kuyeyushwa kwa dawa za mitishamba zinazotangazwa kila kona. Ni mayai machanga yaliyoanza kukua yakakwama kabla ya kupevuka. Pili, tezi isiyotibiwa nayo huweza kuvuruga hedhi na kuongeza prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa ya mama, na hata kuifanya ovari ionekane hivyo hivyo. Kwa utaratibu unaofuatwa tangu mwaka 2003, ultrasaundi peke yake haitoshi kumpa mwanamke jina la PCOS. Zinatakiwa dalili mbili kati ya tatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume zilizozidi, ama kwenye damu ama kwa ndevu na chunusi, na ovari zenye mayai machanga mengi. Na hayo yote baada ya kuhakikisha kwamba tezi na prolaktini si chanzo. Hivyo TSH yako ikishatulia, omba upimwe prolaktini, testosteroni, sukari ya damu na kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi. Kolesteroli pia iangaliwe wakati huo, kwa sababu tezi ikilala huipandisha.

Hata hivyo, shingo yako inanifanya niamini kwamba PCOS, au angalau tatizo lililo nyuma yake, unayo. Weusi ule unaofanana na velveti, ambao pengine uko na kwapani pia, si uchafu. Weka dodoki chini, mwanangu, unajiumiza bure, na tafadhali usiupake krimu za kung'arisha. Ni ngozi inayoitikia insulini nyingi kwenye damu. Mwili wako umekuwa mgumu kuisikia insulini, kwa hiyo kongosho linatoa nyingi zaidi ili sukari iingie kwenye seli. Insulini hiyo nyingi huagiza mafuta yahifadhiwe, hasa tumboni, na huichochea ovari itengeneze homoni za kiume, ambazo ndizo zinazolifanya yai likwame. Ndiyo sababu hedhi, uzito na shingo vyote vimeharibika kwa pamoja, na ndiyo sababu vinaweza kupona kwa pamoja.

Habari njema ni kwamba hakutakiwi kilo nyingi. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunatosha kuifanya insulini ishuke na kwa wanawake wengi hedhi ianze kujipanga. Kwako ni kilo nne na nusu hadi tisa. Ningependa ulenge hizo nne na nusu za kwanza kwa miezi mitatu hadi sita. Usijilinganishe na wale wanaojitangaza kukata kilo kumi kwa mwezi.

Kuhusu chakula, mlo mmoja kwa siku umekuchosha bila kukusaidia. Mtu anayejinyima sana, mwili wake hupunguza homoni ya T3, ile ya thairoidi inayofanya kazi yenyewe, na huanza kula misuli. Kwa mtu ambaye tayari tezi yake ni dhaifu, huko ni kuongeza tatizo juu ya tatizo. Halafu inapofika jioni njaa imekushika, sahani inajaa wali wa nazi au ugali, unakula haraka, na insulini inapanda mara moja kwa kishindo. Rudi kwenye milo mitatu, au miwili iliyoshiba kama ndiyo unayoiweza, na cha usiku kiwe mapema.

Hakuna mlo wa siri wa PCOS. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 ulisema wazi kwamba hakuna aina moja ya mlo iliyoishinda nyingine, kwa hiyo chagua utakaoweza kuishi nao, kwa vyakula vilivyopo sokoni kwako. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, bamia, biringanya, kisamvu. Robo iwe protini: samaki, dagaa, mayai, kuku, maharage, kunde au choroko. Robo iliyobaki ndiyo iwe ugali, wali, ndizi au muhogo. Anza na mboga na samaki, wanga uumalizie mwisho. Sukari haipandi kwa kasi ile ile. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya nyuzinyuzi zake, lakini dona nayo ikijaa sahani inanenepesha.

Mpishi wa pwani ana maeneo mawili ya kupunguza yanayolipa kuliko kuacha ugali. La kwanza ni mafuta na nazi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori karibu 120, na jikoni kwetu wengi humimina kwa macho kutoka kwenye dumu. Pima kwa kijiko. Maharage ya nazi usiyaache, ila pikia tui la pili, lile jepesi, na tui zito libakie la siku moja moja. La pili ni sukari ya chai. Ukinywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya chai vya sukari, umefikisha gramu 36 au zaidi kabla hujala kitu kingine, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza tukiweza tusivuke takriban gramu 25. Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi unazoea. Juisi ya miwa na ya ukwaju iliyotiwa sukari ihesabu kama soda. Machungwa ya Muheza yale kama yalivyo, na nyama zake, usiyakamue.

Kuna vyakula utaambiwa uviache kwa ajili ya tezi: kabeji, sukuma wiki, muhogo. Ukivipika vizuri na unatumia chumvi yenye madini joto, kula. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri ndio wenye shida, hasa kwa watu waliokosa madini joto. Lakini usinunue vidonge au unga wa mwani wa kuongeza madini hayo. Chanzo kikubwa cha tezi kulala kwa wanawake wa rika lako ni kinga ya mwili kuishambulia tezi, ugonjwa uliopewa jina la daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912, na madini joto yakizidi huweza kuuzidisha.

Chai ya kupunguza tumbo achana nayo. Nyingi zina sanamaki, inayoharisha. Mizani inashuka kwa sababu umepoteza maji na choo, na ukinywa alfajiri itaikimbiza na thairoksini. Maji ya ndimu hayakatishi mafuta. Kama tumbo linauma, acha leo.

Mazoezi nitasema kwa ufupi. Tembea kwa mwendo wa kuhema kidogo dakika 30, siku tano kwa wiki, na siku mbili fanya kazi ya misuli: kuchuchumaa na kusimama, kuinua madumu ya maji ya lita tano, kujisukuma ukutani. Misuli ndiyo inayoimeza sukari bila kuhitaji insulini nyingi, kwa hiyo hata wiki ambayo mizani imegoma, kazi inafanyika ndani. Dakika kumi baada ya chakula cha jioni zina faida yake pia. Anza taratibu mpaka tezi itengemae.

Niambie na haya, au mweleze daktari wako. Je, unakoroma usiku na kuamka umechoka? Kuziba pumzi usingizini hutokea sana kwa wenye PCOS na uzito mkubwa, na kunaharibu insulini. Je, unatumia sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango? Wapo inaowanenepesha. Je, umewahi kutumia mkorogo, au vidonge vya kuongeza makalio na mwili? Krimu na vidonge hivyo mara nyingi huwa na steroidi, nazo hujaza uso na tumbo na kupandisha sukari. Ukiwa unavitumia kwa muda mrefu usiviache ghafla, mwone daktari akuachishe pole pole.

Zipo dawa za kusaidia. Metformini huifanya insulini isikike vizuri na inaweza kurekebisha hedhi. Uzito hupunguza kidogo. Huanzwa dozi ndogo pamoja na chakula kwa sababu huchafua tumbo mwanzoni. Sindano mpya za jamii ya semaglutaidi zinapunguza kweli: kwenye utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 waliochomwa walipungua wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68. Lakini ni ghali, ukiacha uzito mwingi hurudi, na hazimfai mwenye historia ya saratani ya tezi ya aina ya medula kwake au kwenye ukoo. Usizinunue mtandaoni kwa mtu usiyemjua.

Najua pia maneno unayoyasikia. Msibani na harusini kuna shangazi wa kukushika mkono na kukuambia umenona, na nyumbani kuna wa kukuambia unakula sana wakati wewe unalala na njaa. Hujawa mvivu. Huzuni na wasiwasi huwapata wenye PCOS zaidi kuliko wanawake wengine; ukiona unalia ovyo, huna hamu ya chochote, mwambie daktari kama unavyomwambia habari za hedhi. Jipime uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, na pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani mara moja kwa mwezi. Kiuno kinaweza kushuka kabla ya mizani.

Jambo la mwisho lisisubiri. Insulini ikianza kushuka yai linaweza kupevuka bila hedhi kukutangulizia taarifa, kwa hiyo unaweza kushika mimba wakati unadhani huwezi. Kama hutaki mtoto sasa, tumia njia ya uzazi wa mpango. Kama unataka, subiri TSH ishuke kwanza, iwe chini ya 2.5 ikiwezekana, na kama utakuwa kwenye sindano za kupunguza uzito, ziache miezi miwili kabla ya kutafuta mimba. Siku kipimo cha mkojo kitakapoonyesha mistari miwili, usingoje kliniki ya wajawazito ya mwezi wa tatu. Mtoto anategemea homoni ya tezi yako katika wiki hizo za mwanzo, na mahitaji hupanda kwa asilimia 20 hadi 30. Ongea na daktari wako tangu sasa, mkubaliane kwamba siku hiyo hiyo utaanza kumeza vidonge tisa kwa wiki badala ya saba, kisha uende ukapimwe damu ndani ya siku chache.